Saa kumi usiku: kisa cha insulini mbili na sahani ya saa tisa mchana

Kisa hiki kimetoka kwenye kliniki ya kisukari ya hospitali moja ya pwani ya Tanzania, ninakofanya kazi ya uuguzi. Jina, mji na tarehe nimeviondoa, na mambo madogo ya nyumbani kwa mgonjwa nimeyageuza ili hata jirani yake asimtambue. Saa, vipimo na dozi nimeviacha, kwa kuwa kisa chote kimo humo. Dozi hizi ni za mtu mmoja mwenye uzito wake, figo zake na sahani yake. Asizichukue mtu mwingine akajichoma.

Mgonjwa

Bi M. ana miaka 54, uzito kilo 68, na huu ni mwaka wa 11 tangu aambiwe ana kisukari cha aina ya pili. Ni mama lishe karibu na stendi ya mabasi. Huamka saa kumi usiku kukanda unga wa chapati, alfajiri anafungua kibanda kwa supu, na wateja wa mchana humjaa kuanzia saa sita mpaka saa nane na ushei. Asubuhi, kwenye saa moja, hunywa chai ya rangi bila sukari na kula chapati moja akiwa wima. Chakula chake hasa ni cha saa tisa mchana, wateja wakishaondoka: wali au ugali, maharage, samaki, mchicha, na viazi vilivyobaki haviachwi vilale. Usiku hula kidogo, saa mbili.

Nimeanza na ratiba ya chakula makusudi. Faili lake lilikuwa nene, na ndani yake ratiba hiyo haikuandikwa popote. Kilichoandikwa ni vidonge vya metformini gramu moja mara mbili kwa siku, insulini ya mchanganyiko ya 30/70, ile ambayo wengi wanaijua kwa jina la Mixtard, asubuhi na jioni, figo zinafanya kazi vizuri, macho yamekaguliwa. Na HbA1c, ambayo wagonjwa wetu wanaiita sukari ya miezi mitatu, asilimia 10.4.

Sukari yake ya asubuhi kabla ya kula ilikuwa 7 hadi 8 mmol/L kila alipokuja kliniki. Si mbaya kwa mtu wa hali yake. Lakini HbA1c ya 10.4 maana yake ni wastani wa sukari wa karibu 14, usiku na mchana, kwa miezi kadhaa. Mtu anayeamka na 7 atapataje wastani wa 14? Kuna mahali ndani ya siku sukari ilikuwa inapaa na sisi hatukuwa tunatazama. Badala ya kupatafuta, kliniki ilifanya kile kinachofanywa na kliniki yenye foleni ya wagonjwa themanini: iliongeza dozi. Asubuhi yuniti 24, zikawa 30, zikawa 36. Jioni zikafika 22.

Siku ya soda

Alikuja kabla ya tarehe yake, akiongozana na mjukuu wake wa kidato cha pili. Siku iliyotangulia, kwenye saa tano asubuhi, alikuwa anachota supu mikono ikaanza kutetemeka, jasho likamtoka, macho yakafanya kiza. Waliokuwa karibu walidhani ni joto la jiko. Kondakta mmoja wa daladala, ambaye mama yake naye ana sukari, ndiye aliyejua. Alifungua soda akamnywesha. Robo saa baadaye mjukuu alimpima akakuta 4.3, na hiyo ni baada ya soda. Jioni ya siku ile ile mashine ilisoma 17.2.

"Mwanangu," aliniambia, "sindano yenu inanishusha nikiwa na njaa, na nikishiba inaniacha."

Sijawahi kusikia mtu akiueleza upungufu wa insulini ya mchanganyiko kwa maneno machache zaidi ya hayo. Wakati ule, hata hivyo, nililichukua kama lalamiko.

Tumbo nililikagua siku hiyo, kwa sababu vinundu vya mafuta mahali mtu anapochoma kila siku hufanya dawa iingie mwilini kwa kusuasua. Hakuwa navyo, alikuwa anabadilisha upande vizuri. Chupa yake haikuwa imepita muda wala haikukaa juani: nyumbani aliiweka kwenye chungu kidogo kilichozamishwa ndani ya chungu kikubwa chenye mchanga uliolowa. Dawa ilikuwa nzima na uchomaji ulikuwa safi. Ilibaki saa.

Stripu kumi na nne

Stripu za kupimia ni ghali, na mgonjwa akiambiwa apime mara saba kwa siku atapima siku moja kisha ataficha mashine. Tulimpa stripu 14 za wiki moja na tukazipangia kazi. Siku ya kwanza apime kabla ya chai ya asubuhi na saa mbili baada yake. Siku ya pili afanye hivyo kwa chakula cha mchana, siku ya tatu kwa chakula cha usiku, kisha arudie mzunguko. Hizo ni 12. Mbili zilizobaki ni za saa tisa usiku, kwa siku tofauti.

Pacha hizi za kabla na baada zina faida ambayo namba moja moja haina: zinaonyesha mlo wenyewe umepandisha kiasi gani. Akiwa na 15 baada ya kula hujui kama ni wali au kama alikaa mezani akiwa tayari na 14.

Daftari lilirudi hivi. Asubuhi 7.8, baada ya chai 11.2. Mchana 5.1, baada ya sahani 16.9; mara ya pili 4.4 ikawa 17.6. Usiku 13.8, baada ya kula 14.5. Saa tisa usiku 4.2, na mara ya pili 4.5.

Mlo wa usiku haukuwa na kosa. Ulikuta sukari ya mchana bado iko juu. Mlo mmoja tu ndio uliokuwa unapandisha sukari kwa zaidi ya 11, na ni ule wa saa tisa mchana. Kwa kawaida tunataka saa mbili baada ya kula mtu awe chini ya 10. Hapo hapo, saa chache kabla ya sahani na katikati ya usiku, alikuwa anakaribia kushuka. Chini ya 3.9 tunaita imeshuka.

Maji na maziwa

Kwenye kliniki yetu wagonjwa wana majina yao ya insulini mbili zilizomo ndani ya mchanganyiko, na yanafaa kuliko ya kwetu. Insulini ya kawaida ni "ya maji": haina rangi, unaona hadi upande wa pili wa chupa. NPH, ile ya kuchelewa, ni "ya maziwa", nyeupe, na ikitulia weupe wote unakaa chini.

Ya maji inaanza kushika kama nusu saa baada ya kuchomwa, nguvu yake inafika kileleni kati ya saa ya pili na ya nne, na kwa saa tano hadi nane inakuwa imekwisha. Kazi yake ni chakula. Ya maziwa imechelewa kwa makusudi. Mdenmarki Hans Christian Hagedorn, ambaye jina lake ndilo H ya NPH, aliifunga insulini kwenye protamini, protini aliyoipata kwenye shahawa za samaki, ili iachiliwe mwilini taratibu. NPH yenyewe ilitoka maabara mwaka 1946. Inaanza baada ya saa moja hadi tatu, inapanda polepole, kilele chake kinakaa kati ya saa ya nne na ya kumi, kisha inafifia. Huo weupe ndiyo protamini na insulini zilizoshikana. Kazi yake ni kushikilia sukari katikati ya milo na usiku. Chakula kikubwa kinachopanda kwa saa moja, haikiwahi.

Sasa chukua yuniti 36 za mchanganyiko. Asilimia 30 ni ya maji, karibu yuniti 11. Zilizobaki, kama 25, ni za maziwa. Bi M. anajichoma saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Zile 11 zinakuta chapati moja. Zinaimaliza mapema, na kufika saa tano zile 25 nazo zinaanza kupanda kileleni, tumbo likiwa tupu. Huo ndio mtetemeko wa kwenye supu. Saa tisa sahani inapokuja, ya maji imekwisha kabisa na ya maziwa inaelekea kushuka. Sahani nzito imekuta mlinzi anayesinzia.

Na kila tulipoongeza dozi kwa sababu ya HbA1c, tuliongeza vyote viwili kwa pamoja. Ndiyo tabia ya mchanganyiko uliotoka kiwandani: huwezi kuongeza maji bila kuongeza maziwa, wala kuhamisha kimoja kwenda mchana ukakiacha kingine asubuhi. Kwa mtu anayekula asubuhi vizuri, mchana wastani na usiku vizuri, kwa saa zisizobadilika, ni dawa nzuri na rahisi. Bi M. si mtu huyo.

Uamuzi

Tulikaa na daktari wa kliniki tukatazama njia tatu.

Kuongeza sindano ya tatu ya mchanganyiko mchana ndiyo njia rahisi: chupa ni ile ile na hakuna la kufundisha. Tuliikataa kwa sababu ya ile 4.2 ya saa tisa usiku. Asilimia 70 ya kila sindano ya mchana ingekuwa maziwa, na mkia wake ungeburuzwa mpaka usiku, juu ya maziwa ya jioni.

Njia ya pili ni insulini za haraka za kisasa. Hizi zinashika ndani ya dakika 10 hadi 20, kilele ni saa moja hadi mbili, na baada ya saa tatu hadi tano zimekwisha. Angeweza kujichoma sahani ikiwa mbele yake. Kwa maisha ya kibandani ndiyo ingefaa kuliko zote. Lakini dirisha letu la dawa halikuwa nayo, na kwenye duka la nje bei yake ingekula faida ya kibanda. Dawa ambayo mtu ataipata mwezi huu na kuikosa mwezi ujao, mimi huwa siianzishi.

Tukabaki na ya tatu: kumtenganishia maji na maziwa, kila kimoja na chupa yake. Dozi yake yote ilikuwa yuniti 58. Kwa kuwa alishashuka, tulipunguza karibu robo, tukaanza na 44. Asubuhi maziwa 14 na maji 6 ndani ya bomba moja. Saa nane na nusu mchana maji 8 peke yake, nusu saa kabla ya kula. Jioni maji 6 na maziwa 10, pia pamoja.

Kuchanganya ndani ya bomba kuna utaratibu wake, na nitaueleza kwa kuwa baadaye ndiko tulikokwama. Chupa ya maziwa inaviringishwa kwenye viganja mara kumi na kupinduliwa taratibu mara kumi mpaka weupe uwe sawa. Haitikiswi ikatoa povu. Unavuta hewa ya yuniti 14 unaiingiza kwenye chupa ya maziwa bila kugusa dawa, unachomoa. Unavuta hewa ya yuniti 6 unaiingiza kwenye chupa ya maji, unaigeuza juu chini, unavuta maji 6. Kisha unarudi kwenye maziwa na kuvuta mpaka 20. Ukipitiliza, unamwaga bomba lote na kuanza upya. Hurudishi kitu chupani. Bomba liwe la yuniti 100 kwa mililita, sawa na maandishi ya chupa.

Nilimwonyesha mara moja. Alitikisa kichwa kukubali, mjukuu naye akatikisa. Foleni ilikuwa ndefu.

Wiki mbili nzuri

Sindano ya mchana ilianza na tatizo ambalo halimo kwenye kitabu chochote cha kisukari. Mtu anayejichoma sindano nyuma ya khanga karibu na stendi, mji wa pwani, watu hawawazi sukari. Wanawaza unga, yaani dawa za kulevya. Siku ya tatu mteja mmoja alimnong'oneza mwenzake neno "teja", naye akasikia. Kwa siku mbili aliiruka sindano. Baadaye alichoka kujificha, akaanza kujichoma mbele yao huku akiwatania kwamba anayemcheka leo kesho atamwomba aazime bomba. Mzaha ulifanya kazi kuliko ushauri wangu, uliokuwa atafute mahali pa faragha.

Vipimo vya mchana vilishuka: 5.6 ikawa 11.4, siku nyingine 6.0 ikawa 10.8. Mtetemeko wa saa tano haukurudi. Nilifurahi.

Usiku ndio ulibaki. Saa tisa usiku 3.7, asubuhi 9.2. Hili lilitarajiwa. Maziwa yaliyochomwa saa moja na nusu jioni yanafika kileleni kati ya saa tano na nusu usiku na alfajiri, na sehemu kubwa ya nguvu hiyo inatumika usiku wa manane mtu akiwa hajala. Ikikaribia alfajiri, wakati ini linaachia sukari ya kumwamshia mtu, dawa imeshaanza kuchoka. Dawa ya hali hiyo inajulikana: maji yabaki na chakula cha usiku, maziwa yasogezwe mpaka wakati wa kulala, kilele kihamie alfajiri. Daktari alikubali.

Niliandika kwenye daftari lake, kwa mkono wangu: "NPH 10 – 10 usiku."

Namba zilizopanda

Siku ya tatu mjukuu alinitumia ujumbe: asubuhi 13.6. Kesho yake 14.1. Sukari ya asubuhi ikipanda baada ya kusogeza maziwa ya usiku, jibu la kwanza ni kwamba maziwa hayatoshi. Niliongea na daktari kwa simu, tukaongeza yuniti mbili: 12. Siku tatu zikapita, asubuhi 13.9. Tukaongeza mbili nyingine: 14. Kwa karatasi tulikuwa sahihi kabisa. Hatua ya yuniti mbili kila siku tatu ni hatua ya watu waangalifu. Stripu zilikuwa chache, na mimi mwenyewe nilimwambia azitunze kwa ajili ya asubuhi.

Siku ya tisa tangu niandike ule mstari, saa nne asubuhi, Bi M. alikaa chini kibandani akaacha kujibu. Alikuwa bado anameza. Jirani muuza matunda alimpa maji yenye sukari vijiko vinne, akapata nafuu kidogo, wakampakia bajaji. Mapokezi ya dharura walimpima 2.6 wakampa glukosi ya mshipa.

Nilimkuta amekaa kitandani akiona haya, kana kwamba yeye ndiye aliyekosea. Nikamuuliza swali ambalo nilipaswa kuuliza siku sita kabla.

"Shikamoo mama. Ile ya usiku unajichoma saa ngapi?"

"Marahaba. Saa kumi, kama ulivyoandika. Nikiamka kukanda unga."

Aliponiambia hivyo niliomba daftari. "10 usiku." Kwangu mimi niliyeandika nikitazama saa ya ukutani ya ofisi, ile ilikuwa saa nne usiku. Kwa mtu yeyote anayesoma Kiswahili kama kilivyo, 10 usiku ni saa kumi usiku. Naye huamka saa kumi usiku kila siku ya maisha yake, kwa hiyo agizo halikumshangaza hata kidogo. Lilimfaa.

Baada ya hapo kila namba ilijieleza. Kuanzia usiku wa manane mpaka saa kumi hakuwa na insulini ya kutosha mwilini, ndiyo maana aliamka na 14. Saa kumi anachoma maziwa 14, saa kumi na mbili na nusu maziwa mengine 14 na maji 6. Yuniti 28 za maziwa ndani ya saa mbili na nusu, zote zinakutana kileleni kabla ya mchana, juu ya chapati moja. Na mimi, nikitazama namba za asubuhi, nilikuwa nikiongeza mara mbili dozi ambayo usiku haikuwepo kabisa, na kila nilichoongeza kilikuwa kinamwangukia saa nne asubuhi.

Chupa yenye ukungu

Nilimtuma mjukuu alete chupa zote. Ya maji haikuwa maji tena. Ilikuwa na ukungu mwepesi, kama maji yaliyooshewa mchele. Alikuwa akivuta maziwa kwanza, kwa sababu ndiyo mengi, kisha anaingiza sindano ile ile kwenye chupa ya maji. Kila asubuhi tone dogo la maziwa lilikuwa linarudi chupani. Insulini ya maji iliyoingiliwa na NPH inapoteza kile inachopendewa, yaani wepesi, na hujui tena ndani ya yuniti 8 kuna nini. Nikirudi kwenye daftari naona vipimo baada ya chakula cha mchana vilikuwa vimepanda taratibu, 13 na kitu, nami sikuvitilia maanani kwa kuwa macho yangu yalikuwa kwenye asubuhi.

Chupa tuliitupa. Safari hii sikumwonyesha. Nilimpa bomba na chupa mbili zilizokwisha muda nikamwambia anionyeshe yeye. Mara ya kwanza alikosea, mara ya pili akapatia, mara ya tatu alikuwa anamfundisha mjukuu. Ni yeye aliyepata njia ya kukumbuka: "Kumbe ni kama kupika chai. Maji kwanza, maziwa baadaye." Siku hizi wagonjwa wote wa kliniki yetu wanaanza na chai.

Matokeo

Maziwa ya usiku yalirudi yuniti 10, saa nne usiku. Ndani ya siku nne asubuhi ilikuwa 8.1, kisha 7.4. Tulitulia hapo, kisha tukaanza kugusa maji peke yake: ya mchana ilifika 12, ya asubuhi 8 kwa sababu siku hizi anaongeza kikombe cha maziwa na yai. Jumla ni yuniti 50 kwa siku, pungufu kwa 8 kuliko alizokuwa nazo siku ya soda.

Baada ya chakula cha mchana anasoma kati ya 9 na 11. HbA1c ya miezi mitatu baadaye ilikuwa 8.2. Hajashuka tena kiasi cha kusaidiwa na mtu, ingawa mara mbili aliona dalili, akapima 3.6 na 3.8, akanywa sukari yake akasubiri robo saa kabla ya kupima tena. Kuna siku anachoka na kulala bila sindano ya usiku. Tunaziona kwenye daftari, hazifichi. Na siku za shughuli, pilau inapopikwa kwa jirani, namba zake ni za pilau.

Uchambuzi

Kilichofungua kisa ni stripu 14 zilizopangwa, wala si uchunguzi wa gharama. HbA1c ilitwambia kuna moto na sukari ya asubuhi ikatwambia si hapa. Pacha za kabla na baada ndizo zilizoonyesha chumba. Ningekuwa na nafasi ya kubadilisha kitu kimoja kwenye kliniki yetu, ningeweka kwenye kila faili mstari wa kuandika mtu anakula saa ngapi na mlo gani ndio mkubwa, kabla ya mstari wa dozi.

Kutenganisha chupa kulifaa kwa sababu tatizo lilikuwa la mlo mmoja. Kulituwezesha kugusa saa tisa mchana bila kugusa saa tisa usiku. Lakini bei yake ipo, na haikuandikwa popote tulipokuwa tunaamua: sindano nne badala ya mbili, chupa mbili zinazofanana kwa mtu mwenye macho ya miaka 54, na nafasi za kukosea zilizoongezeka maradufu. Makosa yote mawili yaliyotokea yasingewezekana kwenye mchanganyiko wa kiwandani. Anayemhamishia mgonjwa huku awe na muda wa kufundisha. Sisi tulikuwa na dawa, muda hatukuwa nao.

Kosa la saa sikulitilia uzito wake mwanzoni. Nililiita kosa la mwandiko. Nikilitazama tena naona ni kosa la kufikiri kwa saa mbili. Sisi tuliofunzwa kwa vitabu vya Kiingereza tunaandika 8 tukimaanisha saa mbili, tunaandika 10 tukimaanisha saa nne, na mara nyingi mgonjwa anatuokoa kwa kujua kwamba hakuna mtu anayekula chakula cha usiku saa nane. Hatari iko pale ambapo saa iliyokosewa nayo inaingia akilini. Tangu siku ile siandiki saa kwa tarakimu kwenye daftari la insulini. Kwa Bi M. hata neno saa tumeliondoa. Mjukuu aliandika mistari minne kwa kalamu nyekundu: kabla ya chai, kabla ya sahani, kabla ya chakula cha usiku, ukishashusha chandarua.

Kupandisha dozi kwa simu nako sitakulaumu kwa jumla, kwa kuwa wagonjwa wetu wengine wanatoka mbali na nauli ni pesa. Ninacholaumu ni kwamba tulipandisha mara mbili kwa namba moja tu ya siku, bila kuuliza imechomwa lini, na namba haikushuka hata kidogo. Dawa ikiongezwa mara mbili na isifanye lolote, jambo la kwanza la kushuku ni kama imefika, na imefika wakati gani.

Mwenzangu mmoja wa kliniki anasema yote haya hayakuhitajika. Kwa maoni yake tungeweza kumwacha kwenye mchanganyiko, tumpunguzie dozi ya asubuhi, na kumshauri ale saa saba mchana kama watu wengine, wakati maziwa ya asubuhi yako kileleni. Kwa hesabu ya dawa anayo hoja. Nimeichora kwenye karatasi na vilima vinakutana vizuri. Siku ya miadi nilimweleza Bi M. pendekezo hilo, nione atasemaje.

Alicheka mpaka akashika meza. "Saa saba? Mwanangu, saa saba hata mkono wa kujikunia sina."